Somo la Zuhura

Ngulyati, 6 Agosti 1994

Dada Domitila,

Mwangaluka. Sisi huku wazima, mtoto ameota meno mawili. Wewe na wanafunzi wako hapo Mwanza hamjambo?

Tangu mume wangu Nyanda aanze kuwanunulia pamba hawa wafanyabiashara wapya, nyumbani haonekani, na mimi nimekatazwa kuvuka ua. Mama mkwe ndiye mlinzi. Lakini mtihani wa kidato cha nne bado nautaka. Nifundishe jiografia kwa barua. Milembe muuza dagaa atanifikishia. Anza na sayari ya Zuhura. Naiona kila jioni juu ya ua wa minyaa, inang'aa hadi natamani kuhamia huko.

Mdogo wako,
Kwandu

Mwanza, 10 Septemba 1994

Mdogo wangu,

Nimefurahia hayo meno. Mimi mzima, ila malaria ilinilaza.

Usitamani kuhamia! Zuhura inakaribiana na dunia yetu kwa ukubwa, lakini mawingu yameifunika yote. Chombo cha Wamarekani, Magellan, kimeizunguka miaka minne kikiipima kwa rada, maana kamera haipenyi. Kimeonyesha volkano na nyanda za mawe yaliyoyeyuka yakaganda. Warusi wao walitua kabisa. Vyombo vyao vilituma picha, vikafa baada ya saa moja hivi. Hewa ni nzito, karibu yote kabonidayoksaidi, joto likinaswa halitoki.

Nimekuandikisha mtihani Bariadi mjini, Novemba. Uje.

Dada yako,
Domitila

Ngulyati, 16 Oktoba 1994

Dada,

Pole na malaria. Sisi tunapumua.

Nyanda aliikuta barua, akaniamuru niisome kwa sauti. Nilipofika kwa Warusi akacheka. "Saa moja tu? Na wewe ukitoka hapa hufiki mbali."

Nikamwambia, "Picha zilifika."

Akakusanya viatu vyangu, akavifungia stoo ya pamba.

Kwandu

Mwanza, 27 Novemba 1994

Kwandu wangu,

Hujambo? Nauliza kwa kuwa sijui.

Mtihani umepita bila wewe. Jana nilikuja. Mama mkwe wako alinipokea nje, kampakata mtoto, akasema umekwenda msibani Zagayu.

"Kamwacha anayenyonya?"

"Ndivyo alivyoenda."

Mdogo wangu, uko wapi?

Dada yako

Ngulyati, 8 Januari 1995

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Mwili mzima.

Nilikuwa ndani. Ulipopiga hodi nilisimama nyuma ya mlango. Mama mkwe alikuwa ameshaninong'oneza, "Ukiita, mtoto anakwenda Maswa kwa shangazi yake, humwoni tena." Nikauma kanga hadi nyayo zako zikaisha.

Niandikishe tena mwaka huu. Safari hii simwachi mtoto mikononi mwa mtu. Nitakuja naye mgongoni.

Mdogo wako,
Kwandu