Mama Hataki Kumkosea Mtu

Jumapili, 13 Julai 2025
Wanawake wa jumuiya wamejaa tena sebuleni kumwombea Mama. Alhamisi anafanyiwa operesheni ya goita. Na kila mmoja na dawa yake! Mama Timotheo kaleta tangawizi na manjano. Jirani yetu Bi Mwanahawa naye kapita na mafuta ya habasoda. Mimi nilishampa vidonge vya kitunguu saumu na vya mafuta ya samaki — si ndiyo biashara yangu! Nikawaambia wote, ni mimea tu, haina madhara. Mafuta ya samaki nayo mmea, Rahabu? Mdomo huu!

Jumatatu, 14 Julai
Mama kapiga mswaki, katema damu. Eti baridi. Mkononi ana alama ya zambarau. Eti kajigonga mlango wa zizi.
Nikaingia jikoni. Mizizi ya watu wote kwenye sufuria moja! Anachemsha, anatia habasoda juu, anateremshia vidonge vyangu. Asubuhi na jioni, tangu Pasaka! Kwa nini, Mama? Kasema anywe ya huyu aache ya yule, wakija kumuuliza atasemaje? Hataki kumkosea mtu.

Jumanne, 15 Julai
Nimempigia Glory, nilisoma naye, sasa ni mfamasia Tanga. Nikajifanya naulizia mteja. Kasema kimoja kimoja huenda kisilete shida, ila vikikusanyika damu inaweza kuchelewa kuganda. Kabla ya upasuaji daktari lazima aambiwe vyote. Akauliza, huyo mteja ana miaka mingapi? Nikakata simu. Mwoga mkubwa mimi!
Nikamwambia Mama aache, na tumwambie daktari. Kawaka! "Ulipovileta vilikuwa dawa, leo vimekuwa sumu?" Kasema daktari akijua ataahirisha tena, na wameshaahirisha mara mbili, hawezi hata kulala chali kwa shingo hii. Na hatawaaibisha wenzake. Nikifungua mdomo, nisimwite mama tena.

Jumatano, 16 Julai
Tupo wodini, Lushoto mjini. Nesi kaja na fomu. Shikamoo mama, kuna dawa nyingine unatumia? Za kienyeji, virutubisho? Mama: situmii kitu, mwanangu. Na kutabasamu juu! Nesi kanitazama mimi. Nikainamisha kichwa. Kaandika Hapana, nimeiona.

Saa nane. Chupa zote za vidonge na habasoda ninazo mkobani, nilizibeba asubuhi Mama akiwa anavaa. Naogopa. Akifa mezani kesho, ni mimi.

Saa tisa kasoro. Wamemtoboa kuchukua damu ya kipimo. Pamba imelowa. Ya pili nayo. Nesi kauliza, mama, mbona damu haikati? Mama alinitazama mimi, akatikisa kichwa polepole.
Nesi kaenda kuchukua pamba nyingine. Mama kanishika kifundo cha mkono, naandika kwa shida. Kwa Kishambaa ananiambia ninyamaze. Mkoba uko mapajani. Zipu nimeshaifungua. Viatu vya nesi hivyo, anarudi —