Macho ya Mayu

Jumatatu, 6 Juni
Bariadi. Asubuhi nzima niko na vijitabu vya watoto. Mtoto anapanda fisi anayeruka, anapigana na mchawi Machokaa, anashinda, kijiji kinacheza ngoma. Tangu biashara iachiwe huru vinauzwa mnadani kando ya kandambili na betri, na watoto wanavigombania mpaka vinachanika. Tasnifu yangu inauliza nani shujaa, nani mchawi, mwanamke amewekwa wapi. Sura ya tatu imenishinda. Naichukia.

Jumatano, 8 Juni
Leo nimejikamata mwenyewe. Tasnifu naiandika kwa Kiingereza, na Kiingereza hakikubali mtu asiye mume wala mke, lazima awe "he" au "she". Kila penye "alikuja" au "alicheka", Machokaa nimemwandika mwanamke. Nimerudi kwenye vijitabu. Hakuna neno linalosema hivyo. Picha yake haipo. Ana macho mekundu na anakaa peke yake, basi. Bibi kizee nimemtia mimi, niliyekuja kuwakosoa wengine! Nimecheka sana. Sura ya tatu imepatikana.

Jumapili, 12 Juni
Mwamapalala, kwa mayu, mama yangu. Sicheki tena. Zamani watoto wa jirani walimwamkia "Mwangaluka, mayu" wamepiga magoti. Leo wamekimbia wakipiga kelele: Machokaa! Mayu ni mjane, anakaa peke yake. Anapikia miti ya pamba, ikiisha anatumia mavi ya ng'ombe, na jiko lake halina dirisha. Macho yake ni mekundu tangu nipate akili. Anadhani watoto wanamtania. Naogopa.

Jumatano, 15 Juni
Mtoto wa jirani yetu Masanja amefariki. Homa. Msibani mayu alipokaa, wanawake walisogea pembeni. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Vikongwe wanaokatwa mapanga huku kwetu kwa kudhaniwa wachawi tunawajua sote. Masanja ameenda kwa mganga.

Ijumaa, 17 Juni
Mganga hakutaja jina. Aliyemroga mtoto anakaa karibu, kasema, ana macho mekundu. Hakusema mume wala mke. Hakuwa na haja. Masanja mwenyewe macho ni mekundu kwa pombe, nani amemwangalia? Nimemsihi mayu tuondoke. Anauliza ng'ombe atamwachia nani. Nimepiga magoti, nimelia.

Jumamosi, 18 Juni
Nimemdanganya kwamba naumwa, nahitaji wa kuniuguza. Akafunga mzigo papo hapo. Ng'ombe wamebaki kwa mjomba. Tuko Bariadi.

Jumanne, 12 Julai
Hapa chumbani napikia mkaa. Macho ya mayu yamekuwa meupe. Sijawahi kuyaona hivi maisha yangu yote. Namwangalia mpaka ananiuliza kuna nini. Tasnifu sijaigusa.

Jumapili, 17 Julai
Juzi mjomba alikuja, akamwona mayu, akarudi kusimulia. Sasa Mwamapalala wanashangilia. Kumbe tulipoondoka mganga alimwaga dawa mlangoni kwa mayu, na dawa imefanya kazi, uchawi umemtoka. Masanja amemsamehe. Amemsamehe! Anaruhusiwa kurudi. Mayu anakunja kanga zake kwa furaha. Nimemweleza habari ya moshi mpaka sauti imenikauka. Amenijibu, "Mwanangu, moshi ulishamuua nani?" Nimetoka nje. Ningebaki ningepiga ukuta.

Jumamosi, 23 Julai
Nimemrudisha. Watoto wamemwamkia kwa magoti. Masanja mwenyewe alimpokea mzigo. Nimemwachia gunia la mkaa na jiko langu. Amelishika gunia, ameshukuru, amelifunika turubai vizuri kwenye kona. Anasema huo ni mkaa wa wageni. Kisha akabeba miti ya pamba, akaingia jikoni kunipikia ugali.