Makofi ya Kocha Baudouin

Laetitia, mjinga wa leo ni mimi. Cheka kwanza, halafu usome.

Unajua nilivyohangaika kumfundisha Bijou wangu kukaa bila kuinuka. Leo ndiyo yalikuwa mashindano ya mbwa watiifu, hapa Glenwood. Angefaulu, wenye mbwa wangenipa kazi ya kuwafundishia mbwa wao.

Sasa Baudouin, anayejiita kocha kwa sababu aliwahi kufuga jogoo! Ndiye aliyenishauri: mbwa akikaa vizuri, tumpigie makofi kama kanisani, ajue amemaliza. Na mimi nikamfuata. Mimi!

Bijou akakaa katikati ya uwanja kama malkia. Mimi nimesimama mbali, kimya. Eish, uwanja wa jirani mbwa wa watu akamaliza, wakampigia makofi.

Makofi, Laetitia!

Bijou huyo, mbio, akanirukia kifuani, mkia unacheza, anangoja nyama yake. Jaji akatutoa.

Na Baudouin, bila haya, mbele ya watu wote: "Mbwa huyu hana akili. Nimepoteza muda wangu bure."

Mke wake, Odette, ndiye aliyemjibu, akimwita kwa jina la mtoto wao, hata hakumtazama:

"Papa Prodige, mbwa ameshika kila ulichomfundisha. Kosa lake ni hilo tu."