Siku Zahanati Yetu Ilipopigiwa Kura

Alhamisi. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nguo za mtoto hazikauki.

Neema amemwaga uji wote kwenye kanga yangu sasa hivi, halafu akajipigia makofi. Nimeshindwa kumkasirikia. Jana na mimi nilishangilia pasipofaa.

Tulishuka Bomang'ombe, mimi na jirani yangu Mama Siima, kusikiliza baraza la madiwani. Tulifuata habari ya zahanati. Neema nilimzaa njiani, juu ya kitenge, kabla hatujafika barabara ya magari. Huyu niliye naye tumboni sitaki azaliwe hivyo.

Diwani wetu, mama mwembamba mwenye sauti ya upole, akasimama akaeleza shida yetu. Wenzake wakatikisa vichwa, "Kweli, kweli kabisa." Kisha wakanyamaza. Nikapiga kigelegele.

"Mama Neema, we! Watatutoa nje," Mama Siima akanifinya.

Nilidhani imepita. Huku mlimani wazee wa mfereji wakigawa zamu za maji, wakinyamaza wote basi, wamekubali, pombe ya mbege inazunguka.

Kumbe kule kimya kinaua.

Mwenyekiti akauliza, "Mheshimiwa, umetoa maelezo au hoja?"

"Natoa hoja, zahanati ijengwe mwaka huu, kabla ya banda la soko."

"Nani anaunga mkono?"

Hakuna. Mama Siima akaninong'oneza kwamba asipopatikana wa pili, hata kura haipigwi.

Ndipo akainuka diwani wa kule tambarare, ambaye banda lile ni la watu wake. "Naunga mkono. Soko litasubiri, uchungu hausubiri."

"Umejuaje, uliwahi kuzaa?" mmoja akamtania.

"Nimebeba machela, mzee wangu."

Wakacheka, halafu wakabishana kwelikweli. Mzee mmoja alinguruma kupinga mpaka nikaogopa. Lakini ilipofika kura, yule mwenye ngurumo aliinua mkono mmoja tu, sawasawa na mama yetu mpole. Hapo moyo wangu uliwapenda wote, hata yeye. Alishindwa, akakaa, akaomba maji ya kunywa, wakaendelea na mengine.

Safari hii nilingoja mwenyekiti atamke, "Hoja imepita." Vigelegele vyangu nadhani vilifika Kwa Sadala.

Sasa Jumapili baada ya misa mkutano wa kijiji utachagua kiwanja. Wanaume wanataka kule juu, karibu na kilabu. Mwenye uchungu atapandaje kule?

Sijawahi kusimama mbele za watu. Niliishia la saba, na mama mkwe atakuwepo.

Mama Siima ameahidi kuniunga mkono. Nimekuwa nikijizoeza mbele ya ng'ombe zizini: Ndugu mwenyekiti, shikamoo, natoa hoja kwamba zahanati yetu ijengwe huku chini, karibu na...

Mama mkwe ananiita. Abee mama! Nakuja!