Mama Atai na Chumvi ya Tisa

Chumba cha Gemu, nyuma ya soko,
Busia, upande wa Uganda.
14 Mei

Kwa Dada Atai,

Salamu zangu zikufike ukiwa umekaa, si ukiwa umesimama kwenye jiko la hoteli ya watu. Habari za Nakuru, habari za kazi, na habari ya kile kikohozi ulichoondoka nacho hapa? Mimi mwili ni mzima. Mke wangu Nuriat anakusalimu sana. Mama yako nilimwona juzi Jumanne. Anatembea vizuri, ila goti la kushoto linamsumbua kukiwa na baridi. Nimemtanguliza yeye ili ujue mapema kwamba barua hii haileti msiba mpya. Inaleta ule wa zamani.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Mwezi huu nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kuuliza kama mvua imenyesha huko. Kwa hiyo nimempa Joanita wa dagaa barua hii, naye ameapa kuitia mkononi mwako mwenyewe. Isome mpaka mwisho kabla hujanipigia.

Ulipokuja Krismasi uliniuliza mama yako anatafuta nini kwangu, maana kijijini Dabani wanamcheka, mwanamke wa miaka hamsini na nane kugombea padi za kuchezea gemu na vijana. Nilikujibu kwamba anapunguza mawazo. Lilikuwa jibu la mtu anayefunga mlango kwa adabu.

Alikuja mara ya kwanza Juni mwaka juzi, miezi miwili baada ya kumzika Ecweru, mdogo wako na rafiki yangu. Alibeba kikapu cha viazi vitamu, akawasalimu vijana wote mmoja mmoja mpaka wakalazimika kusimamisha mpira wao kwenye skrini. Kisha akasema, "Sowedi, mimi nataka ile ya kijana yangu. Ile alikuwa nacheza mpaka nasahau chakula." Niliijua mara moja. Ni gemu ya hadithi, ina sehemu tisa zilizotoka kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Humo huendi kupigana tu. Unachukua watu, unawapa majina na kazi, unatembea nao mji hadi mji ukiongea na kila unayemkuta. Jina lake halisi ni refu, la kizungu. Sisi tunaiita Chumvi, kwa sababu kila sehemu inaanzia kwenye mgodi wa chumvi.

Sasa, swali la pa kuanzia Chumvi naulizwa kila wiki, na jibu langu linajulikana mpaka Malaba. Kila sehemu inajitegemea, ina watu wake na zama zake. Hakuna unachopoteza ukianza popote. Mgeni nilikuwa namwanzishia ya tisa, maana inakuonyesha njia na picha zake zinavutia. Anayependa kulia namwanzishia ya tano. Ya kwanza simpi mtu ninayemtakia mema: picha zake ni vidoa vidoa, ramani haina, na ukikosea kidogo unarudishwa nyuma saa nzima.

Mama yako nilimpa ya kwanza.

Nilimwambia hizi ni ndugu tisa, na huwezi kumkimbilia kitinda mimba wakati wakubwa hujawasalimu. Nilijua namwambia nani. Yeye haombi hata maji nyumbani kwa mtu kabla hajamaliza salamu za nyumba nzima, angebishaje? Alisema ni kweli, mtu anayepita kwa mzee bila salamu anaonekana hana kwao. Akaketi, akashika padi juu chini, nikaigeuza. Moyoni nilihesabu kwamba atachoka kabla ya wiki mbili.

Hakuchoka, dada. Alikuja kila Jumanne na kila Jumamosi. Mimi nilikaa pembeni kumgeuzia Kiingereza kuwa Kiswahili, naye akaamrisha watu wake kama anayepeleka wapaliliaji shambani. Kila kijiji alichoingia kwenye skrini alimsalimu kila mtu, hata kuku. Jambo moja tu alikataa. Ndani ya nyumba za vijiji vile kuna masanduku, na mchezaji huyafungua akachukua dawa na silaha. Gemu yenyewe inakutaka ufanye hivyo. Mama yako alisema nyumba ya watu ni nyumba ya watu, akatoka mikono mitupu. Vijana wakacheka, na mmoja akamwambia kwamba Ecweru naye alikuwa hivyo hivyo, hafungui sanduku la mtu, ndiyo maana sehemu moja ilimchukua miezi. Mama yako aliweka padi chini. Alimwomba yule kijana arudie maneno hayo, kisha arudie tena.

Unajua kwa nini. Nayarudia unayoyajua ili mwenyewe nisipate pa kujificha. Alhamisi ile ya Aprili, saa sita na ushei mchana, watu watatu walimkata kwa panga mwenye boda boda pale soko la Nagongera, wakachukua pikipiki, na yule mtu akafa. Mmoja wao alivaa jaketi jekundu. Ecweru alikuwa na jaketi jekundu, na siku za soko alikuwa akiuza makava ya simu Nagongera. Jumamosi mwili wake ukapatikana kwenye mto Sio, huu wa mpakani. Watu wakaunganisha: amekimbia na wenzake, alitaka kuvukia Kenya, Mungu amemlipa. Kwetu kaburi huchimbwa na majirani na hakuna anayelipwa, lakini mama yako ilibidi aje sokoni kutafuta vibarua wanne waje na majembe yao. Hakuna aliyekesha naye. Wewe ulifika kaburi limeshafukiwa.

Kwa hiyo mama yako hakuja kupunguza mawazo. Alikuja kumtafuta mtoto wake, amwone alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu kila mtu alikuwa amemwambia yeye alizaa nani.

Akiwa kwenye ya nne aliniuliza maana ya zile namba ndogo zinazotokea kila anapohifadhi safari yake, sisi tunasema kusevu. Nilimjibu bila kufikiri kwamba ni tarehe na saa, mashine huandika yenyewe. Akauliza kama ya Ecweru nayo imo, siku yake ya mwisho na saa yake. Nikasema imo, kwenye ya tisa. Ningekuwa na akili ningejing'ata ulimi. Tangu siku hiyo alikuja mara nne kwa wiki, na aliacha kuwasalimu wale watu wa vijijini. Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea. Aliipita ya tano bila kutoa hata chozi moja, akaimaliza ya nane Jumamosi ya tarehe mbili mwezi huu, akaniambia akishapumzisha goti wiki moja ataniletea kuku, maana anakwenda kumwona kijana wake.

Ijumaa baada ya swala nilifunga chumba mchana kweupe, nikatoa diski ya tisa kwenye droo. Nilikuwa nimeifungia humo miaka miwili, wateja nikiwaambia imepasuka. Hapa ndipo nilipotaka kufika, dada.

Ecweru hakwenda Nagongera Alhamisi ile. Alikuwa kwangu. Alikuja asubuhi, akala chapati na maharage, akacheza. Ng'ambo, upande wa Kenya, mfanyabiashara mmoja, Wandera, alikuwa na mashine mbili za gemu nilizonunua, na mimi sikutaka zipite kwenye geti la forodha. Nilimtuma Ecweru akazichukue kwa njia ya mtoni, pale wanapovukia wenye magendo, kwa baiskeli yangu. Aliniomba angoje kidogo asevu. Nikamharakisha, nikamwambia mvua inakuja. Mvua ilikuwa imeshanyesha huko juu, na mto ulikuwa umejaa, na mimi sikuuliza. Saa tisa Wandera akapiga simu kuuliza kijana yuko wapi. Nilikwenda mtoni nikaikuta baiskeli imeegemezwa kichakani, pale watu huvua viatu kabla ya kuingia majini. Niliirudisha nyumbani.

Ijumaa yake maneno ya jaketi jekundu yakafika sokoni. Ningeweza kusema siku hiyo. Niliogopa kufungiwa chumba, na niliwaogopa zaidi watu wenyewe, maana walikuwa na hasira na wanatafuta pa kuiweka. Jumamosi, kwenye ukingo wa mto, mama yako aliniuliza mbele ya watu nilimwona Ecweru lini mara ya mwisho. Nikasema Jumatatu. Kisha nikatupa udongo kaburini kama rafiki. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliirefusha kwa sehemu nane, na mwanamke mwenye goti bovu akaimaliza yote.

Niliiwasha mashine. Ilikuwepo. Alhamisi, 12:17, saa mia mbili na kumi na moja za kucheza. Saa ile ile ambayo wanasema alikuwa Nagongera akimkata mtu. Nilifungua nione aliishia wapi. Watu wake watatu walikuwa wamesimama kwenye daraja. Wa mbele, mwenye mkuki, alimwita Among, jina la mama yenu. Wa pili, mganga, alimwita Atai. Wa tatu alimwita Sowedi, na alinipa kazi ya mlinzi, yule anayesimama mbele ya wenzake kupokea mapigo yao.

Niliifuta. Mashine iliniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo.

Jumanne mama yako alikuja na gauni lake la kanisani na kuku wa ahadi, miguu imefungwa. Aliniomba nisimsomee kwa haraka, nianze na siku ndipo nije kwenye saa. Orodha ilikuwa tupu. Nikasema umeme ulikatika vibaya ukaila safari ya Ecweru. Hakulia. Aliuliza kama umeme ukirudi vizuri unaweza kuitapika. Nilipotikisa kichwa, alichukua padi akasema, "Basi mimi naanza." Aliniuliza herufi za Ecweru, akaliandika jina polepole, akamtoa mgodini, akamwingiza kwenye nyumba ya kwanza ya kijiji. Alisimama naye mbele ya sanduku muda mrefu. Hakulifungua. Alinirudishia padi, akaaga bila kunywa chai, na kuku akamwacha kwangu. Nuriat aliuliza tumchinje lini, ndipo nikamwambia yote. Hajaongea nami tangu jana isipokuwa kuniambia nikuandikie.

Sikuombi msamaha, maana ukinipa sitajua pa kuuweka. Naomba ruhusa ya likizo uiombe mapema. Jumapili ya tarehe ishirini na nne, watu wakitoka kanisani, nitakuja Dabani niseme haya mbele ya mwenyekiti wa kijiji na kila aliyekataa kushika jembe. Wandera amekubali kuvuka aje aseme juu ya ile simu. Uthibitisho wenyewe niliufuta kwa mkono wangu, umebaki mdomo tu, na ni mdomo ule ule uliosema Jumatatu. Huenda wasiniamini. Huenda wakaniamini, na hiyo nayo naiogopa. Lakini mama yako asiyasikie akiwa amekaa peke yake. Ninachotamani ni majirani waje wakeshe naye, hata kama mimi siku hiyo sitakuwa na pa kulala.

Na ukiona vyema kumwambia mwenyewe kabla ya siku hiyo, ni haki yako kuliko yangu. Ila nimewaonyesha watu wengi pa kuanzia, na yeye peke yake nilimpoteza kwa kusudi, kwa hiyo niruhusu safari hii nielekeze sawasawa. Usianze na mto. Usianze na mimi pia. Anza na Alhamisi, saa sita na dakika kumi na saba mchana. Ecweru ameketi kwenye benchi la dirishani, jaketi ameliweka mapajani, ameshiba, anacheka kwa sababu mama yake ameshinda vita bila kufungua sanduku la mtu. Mwache mama akae naye hapo muda anaoutaka. Yaliyobaki ni yangu, nitakuja kuyasema.

Wasalimie wote wanaokupikia na unaowapikia. Nuriat anasema ukifika ushukie kwake, si kwangu.

Ni mimi, niliyeitwa mlinzi,
Sowedi