Nusu ya Wimbo wa Baba

Tulungagung, Alhamisi

Kaka Wiyoto,

Asalaam aleikum. Sisi tupo. Paka amezaa ndani ya kabati lako, na arobaini ya Baba imepita salama. Wali ulitosha majirani wote.

Siku hiyo tulitaka kuupiga ule wimbo aliomtungia Mama. Kanda yetu iliota kuvu zamani. Nikaenda kibandani kwa Mzee Darsono, aliyekuwa akitupakulia nyimbo, nikaambiwa polisi wamebeba kompyuta yake. Basi nikaipigia kampuni iliyomrekodi Baba.

"Albamu hiyo hatuiuzi tena, dada," bwana mmoja akaniambia. "Na ukiipakua mtandaoni, huo ni wizi."

Nikamuuliza, sasa nikainunue wapi? Akakata simu. Baba aliimba kwa pumzi yake mwenyewe, leo wezi ni sisi.

Wanachouza bado ni kile kipande anachosikia mtu akipiga namba ya Baba, kabla simu haijapokewa. Sekunde thelathini, kiitikio tu. Ubeti wenye jina la Mama wameukata. Tafuta kwenye simu yako ya zamani, huenda wimbo umebaki mzima humo.

Na laini ya Baba uliyosema utaifunga, usiifunge. Simu yake naichaji kila siku.

Juzi iliita pale mezani, nikaipokea bila kuangalia, nikidhani ni shangazi. Nikamsikia Mama, simuni na jikoni kwa pamoja:

"Rumi, kata hiyo simu. Hajamaliza kuimba."

Mdogo wako,
Rumiyati