Ini la Sili na Mfungo wa Mama

Etobicoke, Toronto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako mwenyewe na sukari imetulia. Sisi huku tunapumua. Mume wangu Philip anakusalimu, na mjukuu wako Nathanaël ananyonya kama aliyeambiwa kesho maziwa yanakwisha. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeandika. Anayekuletea ni Iteka wa kwaya yetu, anakuja Uvira kumwona baba yake mgonjwa. Isome peke yako, Mama. Usimpe mtu akusomee.

Josaphat ameniambia umeacha kula mpaka niape kwamba nimeiacha ile nyama. Jirani yako naye amenipigia, anasema ulianguka mlangoni. Mtu wa sukari anafungaje, Mama? Nimekasirika na nimeogopa, vyote pamoja.

Huyo mdogo wangu Josaphat amekuambia nusu. Nilipojifungua nilipoteza damu nyingi mno. Nikisimama, kuta zinazunguka. Vidonge vya kuongeza damu nilivitapika vyote, na daktari akasema damu ikishuka tena nitarudi kulazwa, mtoto abaki nyumbani. Ndipo mama mkwe wangu, Elisapee, akaja kwa ndege kutoka kwao kaskazini kwenye barafu, amebeba ini la sili. Sili ni mnyama wa baharini, mnono, ana masharubu kama paka, na ananyonyesha. Philip alinitafsiria kwamba kwao mzazi hulishwa ini hilo, kama sisi tunavyompa mzazi uji wa pilipili manga. Mama mkwe alisema mboga hazioti kule, na wazee wao waliishi kwa nyama, ini na mafuta ya wanyama hao, wakawa na nguvu. Nilimuuliza muuguzi anayekuja kunipima. Akasema lina madini ya chuma mengi, na vitamini A tele, kwa hiyo nile kidogo kidogo, nisifanye pupa.

Elisapee alitandika boksi lililokunjuliwa sakafuni jikoni, tukakaa chini kama kwenye mkeka, akakata vipande vyembamba kwa kisu chake cha nusu duara. Maandiko nilikuwa nayajua, Mama. Cha majini kisicho na mapezi na magamba ni najisi, tusikile. Nikala. Nimeendelea kula, na sasa nambeba mtoto bila kushika ukuta.

Josaphat akaja na Biblia, akakataa hata maji ya nyumbani kwangu. Akasema yeye, mzee wa kanisa, hatakubali Nathanaël abarikiwe madhabahuni huku mama yake anakula najisi. Akasema wewe ulitulea kambini kwa njaa kali na hukutulisha kilichokatazwa hata siku moja. Elisapee hajui Kiswahili, lakini alielewa. Alifunika ini lake kwa kitambaa, akaingia chumbani. Niliona aibu mbele ya mama wa watu.

Nilitaka kumjibu Josaphat. Badala yake nikambeba mtoto, nikamfuata Elisapee chumbani.

Mama, namkumbuka Josaphat kule kambini Nyarugusu, tumbo limevimba, nywele zimegeuka nyekundu, hana nguvu hata ya kulia. Nakumbuka jioni uliyotuletea nyama ukasema ni swala. Ulinituma kuni. Nyuma ya kibanda nilikuta kichwa kimefunikwa kwa majani, nikafunua. Ilikuwa pua ya ngiri, na meno yake. Nguruwe kabisa, Mama. Nikayarudisha majani. Nilipofika mlangoni nilikusikia umeinamia sufuria, unasema peke yako kwamba watoto wale kwanza, Mungu utamjibu wewe.

Wewe hukuonja. Josaphat alikula mpaka akalamba sufuria, na wiki ile akaanza kulia tena kama watoto wengine.

Sijamwambia, na sitamwambia mpaka naingia kaburini. Siandiki kukutisha. Naandika kwa sababu siwezi kuapa unavyotaka, na siwezi kukupoteza. Basi ukimaliza kusoma itie barua hii kwenye makaa, uteleke ugali juu yake, ule. Kuhusu hili ini, Mungu nitamjibu mimi.

Nisalimie jirani, mshukuru sana. Elisapee naye anakusalimu. Kila asubuhi ananiuliza kama mama yangu amekula.

Ni mimi binti yako,
Médiatrice